Kabla Hujanunua Kamera ya Kompyuta

Ukienda Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi kuulizia kamera ya kompyuta, kitu cha kwanza utakachoonyeshwa ni namba iliyoandikwa kwenye boksi: 720p, 1080p, 2K, 4K. Muuzaji atakwambia kubwa ndiyo bora, na kwa kuwa bei nayo inapanda pamoja na namba, utaona kama anasema kweli. Ziache hizo namba pembeni kwanza. Jiulize hivi: kamera hii ikikaa juu ya kompyuta yangu saa mbili usiku, chini ya taa niliyonayo sebuleni, itaonyesha uso wangu au itaonyesha kivuli chenye meno?

Wanaonunua kamera hizi siku hizi ni watu wa kila aina. Kuna mwalimu wa Kiswahili anayefundisha wageni kwa mtandao, kijana anayefanyiwa usaili na kampuni ya nje, mchungaji au ustadhi anayerekodi darasa la wiki, na mzazi ambaye watoto wako Muscat na Minneapolis na wajukuu wanataka kumwona bibi. Hawa hawahitaji kamera ya aina moja. Lakini wote wanataka sura zionekane, na hapo ndipo kamera nyingi za bei ya chini na ya kati zinapomwangusha mtu mwenye ngozi nyeusi.

Kwanza angalia mfukoni

Si pesa ninayoizungumzia, ni simu. Simu ya kawaida ya miaka ya karibuni, hasa kamera yake ya nyuma, hutoa picha nzuri kuliko kamera nyingi za kompyuta zinazouzwa madukani. Watengenezaji wa simu wanagombania wateja kwa kamera. Wa kompyuta hawakuwa na haraka hiyo. Apple waliendelea kufunga kamera za 720p kwenye MacBook hadi 2021 ndipo wakaanza kuweka 1080p, ilhali iPhone zao zilikuwa zinarekodi 4K tangu 2015.

Kama una iPhone XR au ya baada yake, pamoja na Mac yenye macOS Ventura ya 2022 au mpya zaidi, simu inageuka kuwa kamera ya kompyuta bila kusakinisha chochote. Kwa upande wa Android, toleo la 14 lilileta uwezo wa simu kujitambulisha kwenye kompyuta kama kamera ya USB, ingawa si kila mtengenezaji ameuwasha. Kwa simu zisizo nao kuna DroidCam, Iriun na Camo: unaweka programu moja kwenye simu na nyingine kwenye kompyuta, kisha unaziunganisha. Ziunganishe kwa waya. Kwa Wi-Fi inawezekana pia, lakini siku utakayokuwa na usaili ndiyo siku picha itakapoanza kukatika.

Simu ina adha zake. Hupata moto ikitumika muda mrefu, betri inachoka, na shangazi akipiga katikati ya kikao utajua kwa nini ulipaswa kuwasha kitufe cha kutosumbuliwa. Mwenye vipindi kila siku atachoka kuibandika na kuibandua. Ila anayepiga simu za video mara chache kwa mwezi ningemshauri anunue stendi ya simu na taa, na pesa inayobaki afanyie mambo mengine. Sehemu iliyobaki ya makala haya ni ya yule ambaye bado anataka kamera.

Namba zinasema nini hasa

720p maana yake ni picha yenye pikseli 1280 kwa upana na 720 kwa kimo, yaani zaidi kidogo ya laki tisa kwa jumla. 1080p, inayoitwa HD Kamili, ni 1920 kwa 1080, milioni 2 na kidogo. 4K ni 3840 kwa 2160, karibu milioni 8.3, mara nne ya HD Kamili. Mbele ya hapo huandikwa kasi ya fremu: 30 kwa sekunde ndiyo ya kawaida na inatosha kwa mazungumzo, 60 inamfaa anayerekodi vitu vinavyokwenda mbio, kama mazoezi ya viungo au mikono ya mpiga ngoma.

Hizo ni pikseli zinazotoka kwenye kamera. Zinazomfikia mwenzako ni hadithi nyingine kabisa. Google Meet kwa kawaida huishia 720p, na 1080p wameitenga kwa baadhi ya akaunti za kulipia. Zoom nayo haitoi HD Kamili kwa kila mtu. Tena mkutano ukiwa na watu kumi na tano, kila mmoja kwenye kijidirisha chake, programu inapunguza ubora makusudi, maana hakuna sababu ya kutuma picha kubwa itakayoonyeshwa kwa ukubwa wa stempu. Kamera yako ya 4K inafanya kazi kubwa ambayo inatupwa njiani.

Halafu kuna bando. Kwa mazungumzo ya watu wawili, Zoom wanashauri kasi ya megabiti 1.2 kwa sekunde kwenda na 1.2 kurudi ili kupata 720p. Kwa 1080p wanataka 3.8 kwenda na 3.0 kurudi. Piga hesabu: saa moja ya 720p inakula zaidi ya GB 1, na saa moja ya 1080p inakula GB 3 na kitu. Mwalimu mwenye vipindi vitatu kwa siku anayetumia bando la simu ataona tofauti hiyo kabla wiki haijaisha.

Kurekodi ni habari nyingine. Unaporekodi kwenye diski ya kompyuta yako, kwa OBS Studio ambayo ni ya bure au kwa programu yoyote nyingine, mtandao hauhusiki wala bando haliguswi. Ubora wote wa kamera unabaki kwenye faili. Hapo 1080p ina maana kamili, na hata 4K ina kazi moja ya kweli: unaweza kurekodi picha pana, kisha wakati wa kuhariri ukaisogeza karibu bila kuharibu ubora, ukaonekana kama uliyekuwa na kamera mbili. Ukirekodi 1080p kwa megabiti 6 kwa sekunde, saa moja itachukua karibu GB 2.7 za diski. Angalia kwanza kama nafasi ipo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni fupi. Kwa mazungumzo tu, 720p iliyo nzuri inatosha na 1080p ni ya starehe. Kwa kurekodi, nunua 1080p. Ya 4K mwachie anayehariri video kwa kazi, mwenye kompyuta yenye nguvu na tundu la USB 3.

Sababu ya kutaja tundu ni hii: picha ya 1080p isiyobanwa, fremu 30 kwa sekunde, ni karibu gigabiti 1 kwa sekunde, na USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480. Ndiyo maana kamera nyingi huibana picha humo humo ndani kabla ya kuituma kwenye waya. Ukichomeka kamera kwenye kigawio cha USB pamoja na diski ya nje na kipanya, usishangae ikigoma au ikishuka ubora. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta.

Uso mweusi, ukuta mweupe

Hapa ndipo ninapotaka ukae kitako.

Kamera ya kompyuta ikiachiwa ijiamulie, hupima mwanga wa picha nzima na kujaribu kuufikisha kwenye wastani, usiwe mwingi mno wala mdogo mno. Sasa weka mtu mweusi mbele ya ukuta uliopakwa rangi nyeupe, avae shati jeupe kwa ajili ya usaili, na taa ya dari iwe nyuma ya kichwa chake. Kamera inaona weupe mwingi, inahitimisha kwamba pana mwanga wa kupindukia, inapunguza. Ukuta unapendeza. Shati linapendeza. Uso unazama gizani, macho hayaonekani, na anayekuhoji kule Berlin anazungumza na kivuli.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko kamera za kompyuta. Enzi za filamu, Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley kwa jina la mwanamke wa mwanzo. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuenea baadaye sana, miaka ya 1990. Kwenye simu kumekuwa na juhudi. Google walipotoa Pixel 6 mwaka 2021 walitangaza kazi waliyoifanya ili ngozi nyeusi itoke inavyostahili. Kwenye kamera za kompyuta sijaona boksi linalojisifia hivyo, kwa hiyo kazi hiyo imebaki kwako.

Kwanza, tafuta kamera inayokuruhusu kuamua mwenyewe kiasi cha mwanga inachopokea. Kamera karibu zote zinazofuata mfumo wa kawaida wa USB huweza kurekebishwa kidogo, lakini za bei ya chini kabisa hukupa mwangaza na rangi tu, na huo mwangaza ni wa kupaka poda juu ya picha ambayo tayari ni nyeusi. Unachokitaka ni uwezo wa kuzima mpimo wa otomatiki na kuweka muda wa lenzi kupokea mwanga kwa mkono. Kwenye OBS, fungua sifa za kifaa cha kamera kisha bonyeza kitufe cha kuisanidi. Utaona dirisha lenye vitelezi. Kitelezi cha muda wa mwanga kikiwa kimepauka na hakisogei hata baada ya kuondoa alama ya otomatiki, kamera hiyo itakuwa inakuamulia maisha yake yote.

Pili, badilisha kinachoonekana nyuma yako. Ukuta wa rangi ya wastani, pazia la kijani iliyokolea, rafu ya vitabu, au kitenge kilichotundikwa vizuri: vyote hivyo vinaifanya kamera ifungue mwanga badala ya kuubana, na uso unapanda bila kugusa kitufe chochote. Usiende kwenye weusi kabisa, nywele zitapotelea humo. Na kama shati jeupe ni la lazima, vaa koti juu yake.

Tatu, taa. Nikiwa na pesa ya kununua kimoja kati ya kamera bora na taa bora, nachukua taa. Iweke mbele yako kwa pembeni kidogo, juu ya usawa wa macho, na mwanga wake upite kwenye kitu cheupe: kivuli cha taa, karatasi ya kuokea, hata pazia jepesi la dirisha. Mwanga mkali wa balbu tupu kwenye ngozi nyeusi hutengeneza madoa ya kung'aa kwenye paji la uso na pua huku mashavu yakibaki giza. Mwanga mpana na laini huteleza juu ya uso mzima ukachora umbo lake. Ava Berkofsky, aliyepiga picha za tamthilia ya Insecure ya HBO, alieleza mwaka 2017 kwamba kwa waigizaji weusi yeye hutegemea mwanga unaoakisiwa, na kwamba mafuta kidogo ya kulainisha ngozi huusaidia mwanga kushika. Kwa hiyo usikimbilie kujipaka poda hadi ukauke. Paka mafuta yako ya kawaida, kisha ulainishe taa.

Mchana dirisha ni taa ya bure na hakuna duka linalouza iliyo bora zaidi, mradi likae mbele yako au ubavuni. Likiwa nyuma yako, umejiweka mwenyewe kwenye kivuli. Jua letu la saa sita ni kali mno kupita moja kwa moja; vuta pazia jeupe. Zile taa za duara ni nafuu na zinafaa, ila mwenye miwani ataonekana ana pete mbili nyeupe machoni. Akiinua taa juu na kuisogeza pembeni, pete zinatoka.

Kuna dalili mbili ambazo kwazo watu huulaumu mtandao wakati kosa ni la mwanga. Ya kwanza: usiku picha inakuwa ya kurukaruka, mkono ukipunga unaacha mkia. Mara nyingi ni kamera inayokosa mwanga. Ili kuupata, inaacha kila fremu ifunguke kwa muda mrefu zaidi, na kasi inashuka kutoka fremu 30 hadi 15 au chini yake. Ongeza taa, au zima kile kipengele cha kufidia mwanga hafifu, uone picha inavyotulia.

Ya pili ni mistari inayopanda au kushuka polepole kwenye picha, au mwanga unaopwitapwita. Umeme wetu wa Afrika Mashariki, kama wa Oman na wa Ulaya, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Marekani ni hezi 60. Kamera iliyopangwa kwa 60, hasa ile aliyokuletea ndugu kutoka huko, itapingana na taa zako. Kwenye lile dirisha la vitelezi pana sehemu ya masafa ya umeme. Badilisha iwe 50. Aliye Saudi Arabia aiache kwenye 60, maana kule umeme ni wa 60. Nimeona watu wakirudisha kamera nzima dukani kwa ajili ya kitufe hicho.

Lenzi

Upana wa macho ya kamera hupimwa kwa nyuzi. Nyuzi 78 zinamtosha mtu mmoja na mabega yake na sehemu ya chumba. Kamera za nyuzi 90 na zaidi zimetengenezwa kwa vyumba vya mikutano. Ukiwa peke yako zitaonyesha kitanda, chandarua kilichofungwa fundo na mlango ambao mtoto ataingilia. Wauzaji husifia upana. Wewe usiutamani, ila kama mnakaa familia nzima mbele ya kompyuta moja.

Fokasi ipo ya aina mbili. Ile isiyobadilika imefungwa kiwandani ili kitu chochote kuanzia karibu nusu mita na kuendelea kionekane safi. Ile ya otomatiki hutafuta yenyewe. Wengi hudhani ya otomatiki ndiyo bora siku zote, si hivyo. Kwa anayekaa kitini na kuongea, fokasi isiyobadilika haina usumbufu, wakati ya otomatiki kwenye kamera dhaifu huanza kuhangaika ukisogeza mkono, picha ikaingia ukungu na kutoka. Ya otomatiki inunue kama una vitu vya kuonyesha karibu: shanga, mshono wa nguo, ukurasa wa kitabu, kifaa unachofundisha kukitengeneza. Na hakikisha inaweza kuzimwa.

Ukiona f/2.0 au f/2.8 kwenye maelezo, hiyo ni namba ya uwazi wa lenzi: ndogo ndiyo inayopitisha mwanga mwingi, f/2.0 hupitisha maradufu ya f/2.8. Kihisi cha picha kikiwa kikubwa nacho husaidia gizani kuliko kuongeza pikseli, lakini maboksi mengi hayakitaji, na kutokitaja ni jibu tosha.

Kuhusu urefu wa kuiweka: usawa wa macho. Kompyuta ndogo iliyo mezani inakutazama kutokea kidevuni na kumwonyesha mwenzako matundu ya pua na feni ya dari. Pandisha kwa vitabu.

Sauti

Mtu huvumilia picha mbovu kwa saa nzima. Sauti mbovu haivumilii kwa dakika tano. Vipaza sauti vilivyomo ndani ya kamera viko mbali na mdomo wako, kwa hiyo vinachukua mwangwi wa vigae na kuta tupu, feni, na jogoo wa jirani. Ukiwa na spika za masikioni zenye waya na kipaza sauti chake, zile zilizokuja na simu, tayari umeshinda kamera nyingi. Anayerekodi masomo anunue kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye kola. Zulia, pazia zito na kochi la kitambaa hupunguza mwangwi kuliko programu. Mvua ikipiga juu ya bati, ahirisha tu.

Ndiyo maana sitoi alama yoyote kwa kamera kwa sababu ina vipaza sauti viwili. Elgato walipotoa kamera yao ya Facecam mwaka 2021 hawakuweka kipaza sauti kabisa, wakijua mteja wao atakuwa na chake. Kuna waliolalamika, mimi naona walifanya uungwana.

Zilizoko sokoni

Logitech C920 ilitoka mwaka 2012 na bado inauzwa, jambo lisilo la kawaida kwa kifaa chochote cha kompyuta. Ni 1080p kwa fremu 30, upana wa nyuzi 78, fokasi ya otomatiki inayoweza kuzimwa, na vitelezi vyake vinasogea. Kwa wengi wanaosoma makala haya, hiyo au jamaa yake C922 inatosha. Ndogo yao ni C270, ya 720p yenye fokasi isiyobadilika. Picha yake ya usiku ni dhaifu, lakini ukiwa na taa nzuri inakubalika kwa mazungumzo. Brio ya 2017 ilileta 4K. Razer Kiyo, ya mwaka huo huo, ina taa ya duara iliyozunguka lenzi, wazo zuri kwa anayehamahama, ingawa taa iliyo sambamba na macho huubapaza uso. Insta360 Link ya 2022 inakaa kwenye shingo inayozunguka na kumfuata mtu akitembea. Mwalimu anayesimama ubaoni ataipenda, anayekaa mezani atakuwa amelipia shingo bure.

Kando ya hizo kuna kundi kubwa la kamera zisizo na jina, au zenye majina yanayobadilika kila meli ikitia nanga. Baadhi si mbaya. Nyingine zimeandikwa 4K wakati kihisi chake hakifiki hata 1080p. Kijiprogramu kilichomo ndani kinavuta picha ndogo kuwa kubwa, kisha kompyuta inaambiwa ni 4K na inaamini. Kwa hiyo kuangalia orodha ya ubora kwenye programu ya kamera hakutoshi, maana orodha hiyo inasoma kile kamera inachojisifia.

Na kwa kuwa tuko kwenye namba: kamera ya kwanza kabisa iliyowekwa mtandaoni ilikuwa ya pikseli 128 kwa 128, nyeusi na nyeupe, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Iliwekwa mwaka 1991 ili watafiti wajue kama birika la kahawa lina kitu kabla hawajanyanyuka, ikaunganishwa na wavuti mwaka 1993, ikazimwa 2001. Watu wa dunia nzima walilitazama birika hilo kwa miaka, na hakuna aliyelalamikia pikseli.

Kuhusu usalama nitasema machache. Chagua yenye kifuniko cha kutelezesha, au bandika karatasi. Taa ndogo inayowaka kamera ikifanya kazi si dhamana kamili. Watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba kwenye baadhi ya MacBook za zamani ilikuwa inawezekana kuiwasha kamera bila taa kuwaka. Ila mwenye MacBook asibandike kifuniko kinene cha plastiki kisha akafunga kompyuta: Apple walionya mwaka 2020 kwamba skrini inaweza kupasuka.

Dukani

Nenda na kompyuta yako mwenyewe, imejaa chaji, na OBS au programu ya kamera ikiwa tayari. Duka litakalokataa kukufungulia boksi uchomeke mbele yao, toka humo salama. Kamera nzuri haihitaji diski wala kupakua kitu ili iwake. Ukiichomeka tu inapaswa kuonekana.

Weka picha iwe kwenye ubora wa juu kabisa unaodaiwa. Toa noti ya elfu kumi ya Tanzania, au ya elfu moja ya Kenya, ishike wima nusu mita kutoka kwenye lenzi, uitulize. Kwa kamera ya kweli ya 1080p, jina la benki kuu linasomeka na mistari myembamba ya pembeni inaanza kutengana. Kwa 720p jina linasomeka kwa shida. Ikiwa maandishi yamekuwa tope la rangi ilhali boksi linasema 4K, rudisha noti mfukoni na kamera kwenye rafu.

Kisha geuza kompyuta ili mlango wa duka, wenye mwanga wa nje, uwe nyuma yako. Huo ni mtihani mgumu kuliko utakaoupata nyumbani. Uso utaingia giza kwenye kila kamera. Unachotazama ni kama unarudi baada ya sekunde mbili tatu, na kama ukizima otomatiki na kusogeza kitelezi unaweza kuurudisha mwenyewe. Muombe muuzaji akae karibu nawe kama rangi zenu zinatofautiana, muone inavyowatendea wote wawili. Punga mkono, uone mkia. Funika lenzi kwa kiganja kisha ondoa, uone inavyochukua muda kutulia. Vuta waya uone unafika wapi. Nyingi ni mita moja na nusu, fupi kwa kompyuta ya mezani iliyo sakafuni. Kibanio kijaribu kwenye skrini yako, si kwenye ya duka, maana kompyuta nyembamba za siku hizi kamera huzielemea na kuteleza.

Ukiridhika, chukua hiyo hiyo uliyoijaribu, usikubali kuletewa nyingine "mpya" kutoka stoo. Dai risiti halali, na uliza waranti ni ya duka au ya mtengenezaji na ni ya muda gani. Iandikwe kwenye risiti, pamoja na namba ya kifaa iliyo chini ya kamera.